Maswali Yenu: Vichochoro, Taa na Mageti

Barua nyingi za mwezi huu kutoka mitaa ya Nairobi zinalia kilio kimoja. Ngeta, yaani kukabwa shingo na kuporwa, zimezidi, nguo zinaanuliwa na wasiozianika, na kila mkutano wa wakazi unaishia kwenye mchango wa kuongeza soja (mlinzi) au kuinua ukuta. Tumezijibu kwa kuutazama mtaa wenyewe ulivyopangwa: nani anaona wapi, nani anapita wapi, na ni sehemu gani isiyo na mwenyewe. Majina ya waandishi tumeyaacha kando.

Tuliwekewa mulika mwizi, ile taa kali ya mlingoti mrefu, karibu na uwanja. Uwanjani usiku unaweza kuokota sindano, lakini vichochoroni watu bado wanakabwa, mwendo wa dakika mbili tu kutoka kwenye mlingoti. Shida ni nini? (Mkazi, Mathare)

Shida ni kivuli. Chukua mlingoti wa mita 30 na nyumba ya mabati yenye kimo cha mita 3, iliyo umbali wa mita 100 kutoka kwenye taa. Nyuma ya nyumba hiyo kunakuwa na kivuli cha mita 11 hivi. Kichochoro chenu kina upana wa mita moja na nusu, labda mbili, kwa hiyo chote kinamezwa, isipokuwa kile kilichoelekea mlingoti moja kwa moja. Nyumba ikiwa ya ghorofa, kimo cha mita 20, kivuli kinafika mita 200. Tena mtu akitoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani, kwa muda haoni kitu, ilhali aliyejibanza humo anamwona tangu mbali.

Hatusemi ing'olewe. Kwa uwanja, steji na soko, mulika mwizi iko mahali pake. Vichochoro vinataka taa ndogo, nyingi, zilizofungwa chini: LED ya wati 20 hadi 30, ukutani, kimo cha mita 3.5 hadi 4, ikielekezwa chini na si machoni pa watu. Nafasi kati ya taa na taa iwe mara tatu hadi nne ya kimo chake, yaani taa ya mita 4 ifuatwe na nyingine baada ya mita 12 hadi 16. Kila kona ipate taa yake hata kama umbali huo haujatimia. Kwenye boksi tafuteni mwanga wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3,000 hadi 4,000. Ile nyeupe ya kibuluu ya 6,500 inapendwa kwa sababu inaonekana kali dukani, lakini kali si sawa na kuona vizuri. Inamtia mtu kiwi na kuvikoleza vivuli.

Kupima ni rahisi. Usiku, simameni watu wawili, mita 4 kati yenu. Ukiitambua sura ya mwenzako, taa inafanya kazi. Ukiona umbo tu, basi taa iko nyuma yake au iko juu mno. Kabla ya kununua taa ya ziada, pigeni chokaa kuta za pande zote mbili, kwa sababu ukuta mweupe unarudisha mwanga mwingi kuliko jiwe tupu au mabati yenye kutu, na chokaa ni rahisi kuliko stima.

Kuhusu stima: hapa Nairobi jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo hesabuni saa 12 za giza kila usiku. Taa ya wati 30 itakula yuniti 11 hivi kwa mwezi. Fungeni senza ya mwanga ili isitegemee mtu wa kuiwasha. Kwa maoni yetu, taa iliyo kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, wakazi wakimrudishia pesa ya tokeni, hudumu kuliko ile ya kwenye nguzo isiyo na mwenyewe. Ikizimika, kuna anayejua siku hiyo hiyo.

Na kama kuna anayewaambia taa ni urembo tu: mwaka 2016 jiji la New York liliweka taa za muda kwenye baadhi ya mitaa ya nyumba za umma na kuilinganisha na mingine isiyowekewa. Uhalifu mkubwa wa nje, nyakati za usiku, ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Ploti yetu ina ghorofa saba, nyumba nane kila ghorofa. Ngazi ni giza hata saa sita mchana, na nguo za juu ya paa zinapotea kila wiki. Mwenye nyumba anasema stima ya ngazi ni gharama. (Mpangaji, Pipeline)

Mpelekee hesabu. Balbu nane za LED za wati 9, moja kila kituo cha ngazi na moja mlangoni, zikiwaka mchana na usiku bila kuzimwa, hazifiki yuniti 52 kwa mwezi. Zigawe kwa nyumba 56: haifiki yuniti moja kwa kila nyumba. Zikiwekewa senza ya mwendo zitakula chini zaidi, na ngazini senza hiyo inafaa kuliko nje, ambako kila paka anaiwasha. Msinunue balbu za kufungua kwa mkono. Zitafunguliwa. Tafuteni taa iliyofungwa ndani ya kifuniko, au mumweke fundi wa kuchomelea akazungushia wavu wa chuma.

Giza la mchana ni kosa la ujenzi: ngazi zimebanwa katikati ya vyumba bila tundu la nje. Mara nyingi inawezekana kutoboa ukuta unaopakana na korido na kujaza matofali ya matundu. Mwanga utaingia na sauti itatoka. Sauti ni muhimu. Ngazi iliyozibwa pande zote, mtu akipiga kelele ghorofa ya tatu, wa ghorofa ya tano hasikii. Hakikisheni kwanza fundi anajua ukuta upi unabeba jengo na upi ni wa kugawa tu.

Nguo sasa. Nyumba 56 zikitumia geti moja na paa moja, hakuna anayewajua wote, kwa hiyo mgeni akipanda na karai mkononi hakuna wa kumuuliza. Mlango wa paa uwekwe kufuli na kila ghorofa ipewe ufunguo wake. Kamba zigawanywe kwa ghorofa na zipakwe rangi tofauti, ili mtu anayeanua kwenye kamba isiyo yake aonekane. Mkague pia paa la jirani. Ploti za kwenu zimekaribiana kiasi kwamba kuruka kutoka paa moja hadi jingine si kazi; pale palipo chini ya mita mbili, inueni grili pembezoni. Na msimamizi wa ploti apewe chumba cha chini chenye dirisha linalotazama geti. Msimamizi anayekaa ghorofa ya juu anakusanya kodi tu.

Tunataka kufunga njia inayopita kwenye koti yetu (nyumba zinazozunguka ua mmoja) kwa geti la chuma. Nusu ya wakazi wanapinga. Nani ana haki? (Katibu wa wakazi, Buruburu)

Angalieni milango kwanza. Kichochoro kinachopita nyuma ya nyumba, kisichotazamwa na mlango wala dirisha la sebule, kinamfaa mpita njia kidogo na mwizi sana. Hicho kifungeni. Liverpool, Uingereza, vichochoro vya nyuma vya namna hiyo viliwekewa mageti na wizi wa kuvunja nyumba ukashuka kwa takriban theluthi moja. Na hapa Nairobi vile vya katikati ya jiji na mitaa ya zamani, vilivyotengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya kubeba ndoo za choo, vina tabia hiyo hiyo: migongo ya nyumba pande zote mbili.

Njia inayopita mbele ya milango ni habari nyingine. Buruburu ilijengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kwa mpango wa nyumba zinazozunguka ua mmoja. Koti ndogo ya namna hiyo ina ulinzi wake tayari, maana kila anayeingia anatazamwa na madirisha ya wote. Mkifunga njia ya kupita, watu waliokuwa wakipita hapo hawaachi kutembea. Wanazungukia nje, kando ya kuta tupu za nyuma ya koti zenu, na huko ndiko watakakokabwa, pamoja na watoto wenu wakitoka shuleni. Upande wa ndani mnabaki na kona iliyokufa mbele ya geti, mahali pa kumsubiri mtu anayetafuta ufunguo mkobani.

Njia ya kati ipo: geti linalofungwa saa nne usiku na kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Liwe la nondo zenye uwazi, si la bati zima. Geti la bati linamficha aliye nyuma yake, awe soja au mwizi. Kama gari linapita hapo, uwazi uwe angalau mita 4, zima moto waweze kuingia, na ufunguo wa akiba ukae kwa watu wawili wanaojulikana na kila nyumba. Kama njia ni ya umma, kura ya wakazi haitoshi. Mnahitaji kibali cha kaunti au cha mamlaka inayoimiliki barabara. Bila kibali, jirani mmoja akilalamika, geti litang'olewa na pesa zenu kwenda nalo.

Ninajenga kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Fundi anasema ukuta wa futi tisa na seng'enge ya wembe juu. Kuna njia nyingine? (Mjenzi, Ruai)

Ipo, ndugu. Ukuta wa futi tisa unamzuia mwizi nusu dakika, na baada ya hapo unamlinda. Akishatua ndani ana faragha kamili ya kukata grili yako, kwa sababu jirani haoni na mpita njia haoni. Watu wa Nairobi wameupenda sana ukuta huu, na barabara nyingi mpya huko zimegeuka kuwa mifereji ya mawe isiyo na hata dirisha moja. Mwanamke akishuka boda boda kwenye mifereji hiyo saa mbili usiku, hakuna wa kumsikia.

Upande wa barabara, jenga jiwe hadi sentimita 60 au 90, kisha weka nondo za wima au wavu wa chuma ulioshonwa kwa kuchomelea hadi mita 1.8 au 2. Vyuma vya wima, si vya mlalo. Vya mlalo ni ngazi. Pande zinazopakana na majirani unaweza kupanda kayaba. Inachukua miaka kadhaa kukaza, miba yake haina mchezo, na haihitaji stima. Ila ikatwe. Kayaba iliyoachwa ikapita kimo cha mtu inakuwa ukuta ule ule. Maua na vichaka vya ndani visizidi sentimita 60, na matawi ya miti yakatwe hadi mita 2 kutoka chini, ili kati ya hapo jicho lipite bila kizuizi.

Kisha zunguka nyumba ukitafuta ngazi ulizojiwekea mwenyewe: stendi ya tangi la maji karibu na dirisha la juu, kibanda cha mita kikiwa kimeegemea ukuta, rundo la mawe lililobaki. Dirisha la jikoni au sebule litazame geti. Michoro mingi hulielekezea geti dirisha la choo.

Kamati inataka vibanda vyote vya kando ya barabara viondolewe kwa sababu "vinaficha wezi". Mama mboga wetu wako pale tangu zamani. Mnasemaje? (Mkazi, Donholm)

Tunasema kamati ipite hapo saa mbili usiku vibanda vikiwa wazi, kisha ipite saa tano vikiwa vimefungwa. Mama mboga, muuza smokie, fundi wa viatu: hao wanakaa wakitazama barabara, wanajua sura za wapita njia, na hawalipwi na mfuko wa soja.

Kamati ina hoja mahali pamoja. Vibanda vilivyopangwa ovyo vinaleta nafasi za sentimita 60 au 80 kati yake, zikageuka choo na maficho, na migongo yake inaziba njia. Basi vipangwe: mstari mmoja, upande mmoja wa barabara, vikibanana bila nafasi au viache nafasi ya mita 2 inayopitika, uso ukitazama njia ya miguu, na njia yenyewe ibaki na uwazi wa mita 2. Kila kibanda kiwashe taa ya nje hadi kinapofungwa. Kwenye steji acheni uwazi zaidi, kwa sababu msongamano wa kupanda matatu ndio unaowafaa wezi wa mifukoni. Hapo macho ni mengi, ila kila mtu anasukumwa.

Kuvuka Thika Road usiku ninaogopa daraja la miguu, lakini kuvuka chini ni kifo. Nifanyeje? (Msichana wa kazi ya zamu, Roysambu)

Dada, usivuke chini. Barabara ile ina njia nyingi na magari hayapunguzi. Daraja linatisha kwa sababu zinazojulikana: likishakuingiza halina pa kutokea hadi mwisho wake, na anayekusubiri anajua utatokea wapi. Pembeni pakifunikwa na mabango ya matangazo, walio chini hawakuoni. Kabla ya kupanda, simama penye vibanda au boda boda na usubiri watu wawili watatu wa kwenda nao. Simu iingie mkobani kabla ya ngazi, masikio yawe wazi. Ikiwa kuna mteremko mrefu na ngazi fupi, tumia njia yenye watu zaidi hata kama ni ndefu.

Lakini kazi kubwa si yako. Barabara ile iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Barabara nyingi nyingine za jiji ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na njia ndogo za mtaani kwa kawaida ni za kaunti. Barua ikienda ofisi isiyohusika inafia huko. Mkiandika, msilalamikie "usalama" kwa jumla. Ombeni vitu vinavyohesabika: bango la upande fulani liondolewe na kuwekwa wavu, taa mbili kila mwisho wa daraja, kichaka cha chini ya ngazi kikatwe, na nafasi ya vibanda viwili chini ya ngazi zote mbili. Ambatanisheni picha zilizopigwa usiku.

Tumechanga shilingi elfu themanini. Wengine wanataka kamera, wengine soja wa pili. Tuanzie wapi? (Kikundi cha ulinzi wa mtaa cha Nyumba Kumi, Umoja)

Anzeni na daftari, ambalo ni bure. Andikeni kila tukio la miezi sita iliyopita: lilitokea wapi hasa, saa ngapi, na lilikuwa la aina gani. "Karibu na kanisa" haitoshi. Ni upande upi wa kanisa? Uhalifu haujagawanyika sawasawa mtaani. Utafiti wa Minneapolis, Marekani, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta nusu ya simu zilizopigwa kwa polisi zilitoka kwenye asilimia 3 tu ya anwani. Nanyi mtakuta kona mbili tatu zinajirudia.

Kisha tembeeni mtaa mzima mara mbili, saa kumi alasiri na saa mbili usiku, watu sita hadi kumi. Wanawake wawe wengi, na msimwache soja, mtu wa boda boda na kijana wa shule. Toronto walianza kutumia njia hii mwaka 1989, na haihitaji mtaalamu. Kila kituo mwulizane: nikisimama hapa, nani ananiona? Nikipiga kelele, nani anasikia? Naweza kutokea wapi? Pahali hapa ni pa nani? Andikeni tatizo, mwenye eneo na gharama. Mengi yatagharimu kazi tu: tawi la kukata, gari bovu la kuburuta, uzio uliooza. Wekeni alama kwenye mahali, msiweke kwenye watu. Orodha ya "vijana wabaya" itawaletea ugomvi na haitawasha taa yoyote. Baada ya miezi mitatu rudieni matembezi.

Wengi huogopa kwamba mwizi akifukuzwa kona hii atahamia ile. Baadhi yao huhama, lakini tafiti zimeonyesha mara nyingi si wote, na wakati mwingine hata mitaa ya jirani hupata nafuu.

Kuhusu kamera, hesabu ni hii. Ili sura itambulike bila shaka, picha inahitaji nukta 250 kwa kila mita ya upana. Kamera ya megapikseli 2 ina nukta 1,920 kwa upana, kwa hiyo inatosha eneo lenye upana wa mita saba na nusu tu. Na lenzi ya milimita 2.8, ile inayouzwa kila duka la Luthuli Avenue, inafikia upana huo mtu akiwa mita tatu hivi mbele yake. Mbali zaidi utaona mtu, hutajua ni nani. Kamera moja getini, kimo cha mita 2.5, ina faida kuliko nne juu ya paa zinazorekodi kofia. Wekeni tangazo kwamba mnarekodi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu na nyinyi.

Kuna uwanja mdogo katikati ya nyumba zetu. Umekuwa jaa, na jioni wanakaa vijana wasiojulikana. (Mama, Kayole)

Tazameni walichofanya majirani zenu wa Dandora. Mtaa ule ulianza miaka ya 1970 kwa mradi wa Benki ya Dunia, nyumba zikizunguka nyua za pamoja. Nyua zikaja kuwa majaa, hadi vikundi vya vijana vilipoanza kuzisafisha moja moja, kupanda miti, kupaka rangi na kukusanya mchango mdogo kwa kila nyumba. Siri, kama ipo, ni udogo: ua wa nyumba kumi una wenyewe, uwanja wa nyumba mia mbili hauna.

Kwa hiyo mama, usianze na uwanja mzima. Taka ziondolewe siku moja na wiki hiyo hiyo pawekwe kitu, la sivyo zitarudi. Tengeni pembe inayotazamwa na milango mingi, izungushieni mpaka wa mawe wa kufika magotini, wekeni mabenchi yakitazama njia na si ukuta, na mpange shughuli ya saa kumi na moja hadi saa moja jioni: mpira wa watoto, mashine ya kusaga, meza ya mama wa chapati. Vijana waliopo pale muwape kazi ya kwanza ya malipo. Wengi wao si wageni. Ni watoto wa ploti ya pili ambao hakuna aliyewahi kuwauliza majina.

Nimeweka grili madirisha yote. Mke wangu anasema moto ukitokea tutaungua ndani. (Mzazi, Zimmerman)

Mkeo ana haki. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye grili ya bawaba inayofunguka kutoka ndani, uwazi usipungue sentimita 45 kwa 75, na kufuli yake isiwe ile ya milango mingine. Ufunguo utundikwe ukutani, mahali mtoto wa miaka kumi anafika, lakini zaidi ya mita moja kutoka dirishani ili mkono wa nje usiufikie. Mjaribu kuifungua gizani, wote mliomo ndani ya nyumba.